Usingizi wa Kuazima

Kidonda ndicho kilichonifanya niache kuandika. Kilikuwa chini ya tundu la kushoto la pua, chekundu, kimepakwa mafuta ya mgando, na upande wa kulia kulikuwa na kingine kama hicho. Nilikuwa na miaka tisa katika kazi ya kuvisha watu barakoa za usingizi pale kliniki ya Njombe, na michubuko ya namna hiyo nilikuwa naijua kama mwalimu anavyojua miandiko ya darasa lake. Huletwa na mito ya pua, ile miwili midogo ya silikoni inayokaa kwenye matundu na kupitisha hewa ya mashine, ikikazwa kupita kiasi.

Lakini mwenye vidonda hakuwa mgonjwa wangu. Alikuwa mke wa mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe, Lutengano Nyagawa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kupimia, kofia ya kazi mapajani, pua yake nzima kabisa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye shingo nene na macho mekundu, dereva wa treni ya Manda, ile inayotoka kwenye baridi yetu na kuteremka zaidi ya mita elfu moja na mia nne hadi joto la Ziwa Nyasa. Kompyuta huiendesha kwenye tambarare. Kwenye mteremko, sheria inataka mkono wa binadamu.

"Habari za usiku, baba?" nilimuuliza, nikichomeka kadi ya mashine yake.

"Nzuri, dada Atu. Nalala kama gogo."

Kadi ilikubaliana naye. Usiku mia na ishirini na mbili, wastani wa alama tisini na moja. Asubuhi ile ile Mizani ilikuwa imempa tisini na tatu.

Mizani ilikuwa inajua usingizi wa kila mtu aliyeshika maisha ya wengine. Kila alfajiri ilikusanya pumzi zilizorekodiwa na mashine za hewa nchi nzima, ikampa kila mmoja namba. Ukipata chini ya sitini, treni yako haiwaki, au mlango wa chumba chako cha upasuaji haufunguki. Hakuna wa kumbembeleza. Sheria ya Usingizi ilipopitishwa, baada ya ajali mbili mfululizo ambazo madereva wake walikutwa wamesinzia, tuliishangilia wote. Mimi niliishangilia pia. Ndiyo iliyonipa kazi.

Nikatazama tena zile namba. Miezi minne nyuma, alipopimwa mara ya kwanza, pumzi ya Bwana Nyagawa ilikuwa ikikatika mara arobaini na tatu kwa saa. Mtu wa aina hiyo huhitaji hewa yenye msukumo mkubwa ili koo lisizibe. Lakini msukumo uliorekodiwa ulikuwa tano, basi, usiku wote mia na ishirini na mbili. Tano ndiyo namba ya chini kabisa. Mashine ilikuwa ikimpulizia mtu ambaye hakuwa na tatizo lolote.

Nikageuza kiti changu kumwelekea mkewe. Jina lake lilikuwa Skolastika. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge mabegani, amefunika mdomo na pua kwa pembe ya kitenge kama anayekinga vumbi.

"Mama," nikasema, "hivyo vidonda vimeanza lini?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama kofia yake.

"Ni mafua tu," akasema Bwana Nyagawa.

"Simuulizi wewe, baba. Samahani."

Skolastika akashusha kitenge. "Tangu wiki ya kwanza," akasema. "Ninayelala na hiyo mashine ni mimi."

*

Hakulia wala hakujitetea. Alinieleza kama mtu anayetua mzigo alioubeba kichwani njia nzima.

Usiku wa kwanza mumewe alivaa barakoa kwa dakika ishirini. Upande mmoja ulipiga mluzi, upande mwingine ulichoma kama pilipili. Akakaza mikanda ili mluzi ukome. Ukakoma kidogo, maumivu yakazidi. Akaivua akaitupa. Asubuhi Mizani ikampa ishirini na mbili, na treni ikaondoka na dereva mwingine.

"Wiki ile ya kwanza mashine inajifunza pumzi za mtu," akasema. "Tulisoma kwenye kitabu chake. Nikaona, kama ni kujifunza, na ijifunze za kwangu. Nilidhani ni kwa siku chache tu, mpaka yeye azoee."

"Na hukuzoea," nikamwambia mumewe.

"Nilikupigia simu," alijibu Bwana Nyagawa. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Siku ya pili. Nikakuambia inaniumiza. Ulisema nitazoea."

Sikukumbuka simu ile. Nilifungua rejesta ya simu nikaikuta: sekunde arobaini na nane. Kisha nikafungua rekodi ya siku nilipomvisha. Skana ilikuwa imempiga picha ya uso, ikachagua saizi ya kati, nami nikamfunga mikanda akiwa amekaa wima, nikamwonyesha kitufe cha kuwashia, nikaita mtu mwingine. Dakika sita. Ndio muda tuliopangiwa kwa kila mtu, na nilikuwa sijawahi kuuvuka. Nilikuwa najisifia hilo.

"Umesinzia ukiwa kazini?" nikauliza.

Akaizungusha kofia mapajani.

"Mara mbili," akasema mwishowe. "Kile kipande cha mteremko baada ya Mlangali. Nakumbuka kuingia kwenye kona ya kwanza. Nakumbuka kutoka kwenye ya tatu. Ya pili siikumbuki."

"Leo uko zamu?"

"Saa kumi jioni."

"Abiria wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili. Nimeangalia kabla ya kuja."

Upande wa juu wa skrini yangu kuna alama ya mkono mwekundu. Mpimaji akigundua usingizi wa uongo anatakiwa kuigusa kabla jua halijazama. Ukishaigusa, jina la mtu linaingia kwenye Daftari la Wasiolala, na halitoki. Hashiki tena usukani, wala kisu cha upasuaji, wala bunduki ya ulinzi. Sheria iliandikwa kali hivyo ili watu waogope kudanganya. Kile ambacho waandishi wake hawakukiona, nami nilikuwa nakiona pale mbele yangu, ni kwamba mtu aliyekwisha danganya usiku mmoja haogopi tena kudanganya, anaogopa kukiri.

Kidole changu kilikuwa karibu na ule mkono. Ningeugusa, ningekuwa sahihi. Na rekodi ya dakika sita ingebaki kwenye faili lake, bila mtu kuiuliza chochote.

"Saa hizi ni saa nne na nusu," nikasema. "Nenda kanawe uso kwa sabuni, baba. Toa mafuta yote. Kisha ulale pale kitandani."

"Unafanya nini?"

"Nilichotakiwa kukifanya mwezi wa pili."

*

Uso wa mtu aliyelala chali si uso wa mtu aliyekaa. Mashavu huangukia pembeni, taya hurudi nyuma, pua hupanuka kidogo. Nilifundishwa hivyo chuoni, nikasahau. Nilimlaza kwanza, nikachukua tochi, nikaangalia.

Tundu la kushoto lilikuwa jembamba kuliko la kulia, na ukuta wa kati ulikuwa umepinda.

"Hapa ulipatwa na nini?"

"Ng'ombe. Nilikuwa darasa la tatu. Alinipiga pembe."

Basi nikaelewa kila kitu. Skana huona pua kwa nje. Ilikuwa imechukua matundu mawili tofauti ikayafanyia wastani, ikatoa saizi ya kati, ambayo haikufaa upande wowote. Mto wa kulia ulilegea, ukapiga mluzi. Yeye akakaza ili kuuziba, na kila alipokaza, mto wa kushoto ulizama kwenye tundu lisiloweza kuupokea. Ungemwambia mtu huyu azoee miaka kumi, asingezoea.

Nikafungua pakiti mbili. Nikatoa mto mkubwa kwenye moja na mdogo kwenye nyingine, nikaipachika kwenye fremu moja. Kompyuta ikagoma: seti moja, saizi moja. Nikaizima sauti, nikaendelea kwa mkono.

"Mito haiingizwi ndani," nikamwambia, nikimshikisha mwenyewe ili vidole vyake vijifunze. "Inakaa mlangoni tu, kama mtu anayebisha hodi. Mikanda haiko hapa kukubana. Ilegeze mpaka barakoa ikaribie kuanguka. Sasa vuta kidogo. Tena kidogo. Acha. Pitisha vidole viwili chini ya mkanda."

Vikapita.

"Nawasha hewa. Itaanza taratibu. Ikishaanza, ivute barakoa mbele kidogo, mito ijae hewa, halafu irudishe. Kinachoziba ni hewa yenyewe, si nguvu zako."

Hewa ilipoanza alishtuka, akashika kingo za kitanda.

"Inanisukuma!" akasema, na kwa kuwa alifungua mdomo, hewa yote ikatokea huko na maneno yakatoka kama ya mtu anayepuliza uji wa moto. Skolastika akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na mara akajizuia, kama amecheka msibani.

"Usishindane nayo. Funga mdomo. Vuta kwa pua, toa kwa pua. Hesabu madaraja ya njia yako, ukitaka."

Nikapitisha mpira unaoleta hewa juu ya kichwa chake ili usimvute akigeuka. Nikaongeza unyevu, maana hewa ya Njombe mwezi wa sita hukausha koo. Mluzi haukuwepo. Nikamgeuza ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Nilipomgeuza kushoto mto ukavuja kidogo, nikalegeza mkanda wa upande mmoja, ukanyamaza. Nikamuuliza anasikia maumivu wapi. Akafikiri, akaonyesha sikio, ambako mkanda ulikuwa umekunja ncha. Nikaunyoosha.

"Sasa?"

Akaonyesha kwa mkono: hakuna.

Nilitazama saa. Dakika arobaini na tano. Nje, watu wanne waliokuwa kwenye foleni yangu walikuwa wameanza kuzungumza kwa sauti ili niwasikie.

Nikafunga mapazia. Kabla sijafika mlangoni pumzi zake zilikuwa zimebadilika.

*

Kwenye skrini niliona mashine ikimpima. Msukumo ulipanda, saba, tisa, kumi na mbili, ikitafuta mahali koo lake linapofungukia. Ukafika kumi na nne ukatulia. Baada ya hapo mstari wa pumzi ulikwenda juu na chini bila kukatika hata mara moja. Mizani ilituma onyo: mvaaji hatambuliki.

Skolastika alikuwa amesimama kando yangu.

"Hakoromi," akanong'ona.

"Hapana."

"Miaka ishirini na saba sijawahi kumsikia hivi. Nilikuwa nalala nikiwa nimeweka mkono kifuani pake. Akiacha kupumua namtikisa." Akagusa pua yake. "Tangu nivae hii mashine nimekuwa sisikii. Hewa inapiga kelele masikioni. Yeye anaacha kupumua, mimi napewa alama tisini na moja."

Nilimpa kiti. Nilitaka kumwambia jambo la kumfariji, lakini nilipogeuka alikuwa amekwisha lala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, kitenge kimemdondoka.

Niliwahudumia wale wanne mmoja mmoja kwenye chumba cha jirani. Kila mmoja nilimuuliza kama barakoa inamuumiza. Watatu walisema hapana. Wa nne alitazama mlango kwanza kabla ya kujibu.

*

Bwana Nyagawa aliamka saa saba na robo. Alikaa kitandani akavua barakoa mwenyewe, vizuri, kama nilivyomfundisha, akashika pua yake pande zote mbili. Kisha akatazama chumba, pazia, meza, mikono yake.

"Mbona kila kitu kina kingo?" akauliza.

Wengi husema kitu cha namna hiyo mara ya kwanza. Yeye alikuwa amekipata baada ya saa mbili tu.

Akasimama, akavaa kofia. "Dada, Mungu akubariki. Nawahi stesheni."

"Baba, keti kwanza."

"Nimelala. Umeona mwenyewe nimelala."

"Umelala saa mbili. Una miezi minne hujalala, na kabla ya hapo miaka. Mwili hauponi mchana mmoja. Ukifika ile kona ya pili leo, sijui utaikumbuka au la. Wewe pia hujui."

"Mizani inasema tisini na tatu."

"Hizo ni za mkeo."

Akakaa. Ile ngozi ya uso iliyokuwa imelainika kwa usingizi ikakaza tena. "Basi fanya hivi. Futa ile kadi. Anza leo, kama mtu mpya. Naapa sitaivua. Wewe umeiona inavyonikaa, unajua sitaivua. Nani ataumia?"

Nataka niseme ukweli hapa: nililifikiria. Kufuta kadi ni kazi ya sekunde chache. Kosa lake lingefutika, na la kwangu pia, na kuanzia usiku ule treni ya Manda ingekuwa na dereva anayelala vizuri kuliko madereva wote wa mkoa. Ningemwomba tu achukue likizo ya wiki. Angekubali. Ni mpango ambao hadi leo siwezi kusema ulikuwa wa kipumbavu.

Lakini ilikuwa saa saba na nusu, watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wanafunga mizigo yao, na Mizani, chombo pekee walichokiamini, kilikuwa kinawadanganya kwa sababu yetu sisi watatu.

"Siwezi, baba," nikasema. "Nitaandika. Nitaandika na la kwangu pia, zile dakika sita na ile simu. Lakini nitaandika."

"Unaniua."

"Lutengano." Aliyesema ni Skolastika, kutoka kwenye kiti chake. Sikujua ameamka saa ngapi. "Yule mama anayeuza maparachichi kwenye behewa la pili, yule mwenye mapacha, yuko safari ya leo. Jana aliniambia nikusalimie. Nikamwambia salamu zimefika. Nimeshindwa kumtazama usoni." Akafunga kitenge chake vizuri. "Nimechoka kulala kwa niaba yako. Nilikuwa nadhani nakusaidia."

Bwana Nyagawa akageuka dirishani, akatupa mgongo. Nikadhani ataondoka, na nilikuwa sijui nitamzuiaje. Badala yake akatoa simu yake mfukoni, akapiga, akaiweka kwenye spika, nadhani ili asiweze kurudi nyuma.

"Chumba cha uongozi, Njombe," ikajibu sauti ya kijana wa kike.

"Nyagawa hapa. Mteremko wa saa kumi. Tafuta dereva mwingine."

"Mzee, alama zako hapa ni nzuri. Unaumwa?"

"Alama si zangu." Akavua kofia. "Sijalala tangu mwezi wa pili. Andika hivyohivyo ninavyosema."

Upande wa pili zikasikika sauti za vidole zikiandika.

*

Treni iliondoka saa moja kasoro, na dereva aliyeletwa kutoka Makambako. Niliwapitia abiria pale jukwaani nikirudi nyumbani. Walikuwa wamejifunika mablanketi, wakiwatukana watu wa reli kwa uzembe. Sikusimama.

Taarifa yangu niliituma kabla jua halijazama, kurasa tatu. Wiki tano baadaye baraza lilituita, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa kuwa Bwana Nyagawa alijitaja kabla mkono mwekundu haujaguswa, wanasheria walibishana siku nzima kama jina lake liingie kwenye Daftari au la. Mwishowe hawakuliingiza. Walimweka kwenye ishara za reli mwaka mmoja, usingizi wake ukipimwa na mtu badala ya mashine. Hakufurahi. Nilipokutana naye sokoni mwezi uliofuata alinisalimia kwa kichwa tu akapita, na sikumlaumu. Mteremko ule alikuwa ameuendesha miaka kumi na tisa.

Mimi niliulizwa swali moja tu la maana. Aliyeuliza alikuwa mwanamama mwenye miwani, aliyekuwa kimya tangu mwanzo.

"Umewavisha wangapi kwa dakika sita?"

"Mia mbili na kumi na wanne, tangu skana ziletwe."

"Wangapi kati yao wanalala kweli?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza juu ya ratiba, foleni, maagizo ya juu. Vyote vilikuwa kweli. "Sijui," nikasema.

Walinisimamisha kuvisha wagonjwa wapya kwa miezi sita. Hawakuniambia nifanye nini na wale wa zamani. Hakuna kifungu kinachowahusu watu ambao alama zao ni nzuri.

Jumatatu iliyofuata nilifika kliniki mapema, nikachapisha orodha yao, nikaiweka mezani. Wa kwanza alikuwa Agnetha Kaduma, rubani wa ndege ndogo zinazonyunyizia dawa mashamba ya parachichi. Wastani wa alama themanini na nane. Nilimkumbuka kidogo: mrefu, mwenye haraka, aliyenishukuru sana kwa kutomchelewesha.

Alipokea simu haraka, nyuma yake kukiwa na ngurumo ya injini.

"Dada Agnetha, ni Atuganile Tweve wa kliniki ya usingizi. Hakuna tatizo lolote. Nimepiga kukuuliza tu, ile barakoa inakuumiza?"

Injini ikazimwa. Nikasubiri. Nilisikia mlango wa chuma ukifungwa, kisha kiti kikiburutwa sakafuni, na mtu akikaa.

"Una muda?" akauliza.

"Ninao," nikasema.